Barua ya wazi kwa wenye mamlaka juu ya bahari ya Tanga: vijiji viitwe kuamua

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga,
Kwa uongozi wa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu,
Kwa wakurugenzi wa halmashauri za Jiji la Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Mimi ni mchuuzi wa samaki na mwanachama wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi, katika kijiji kimoja kati ya Tongoni na Pangani. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa mshipi na mitego ya madema, mume wangu ni mvuvi wa jarife, wavu wa macho makubwa, na mwenyewe hushuka mwambani kutafuta pweza wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida. Ombi langu ni moja na nalitanguliza ili lisipotelee katikati ya maneno: kabla ya kufunga mwamba, kuufungua, kusogeza mpaka wa hifadhi au kupiga marufuku aina ya wavu, mkutano mkuu wa kijiji ukae, useme, na neno lake liwemo ndani ya uamuzi. Tumezoea kuitwa kuja kusikiliza uamuzi uliokwisha kufanyika. Tunaomba kuitwa kuamua.

Naandika sasa kwa sababu muda umekaribia. Desemba 2022, huko Montreal, Kanada, nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuai, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya nchi kavu, maji na bahari iwe imehifadhiwa. Lengo hilohilo linataja haki za jamii za wenyeji. Miaka iliyobaki ni michache, na anayekimbizana na tarehe hushawishika kuchora mistari kwenye ramani kwanza, watu akawafikiria baadaye. Bahari ya Tanga imeshapitia njia zote mbili, ya kuanza na tangazo na ya kuanza na watu.

Maziwe ndiyo njia ya tangazo. Kisiwa hicho kilichopo mbele ya Pangani kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975, kikiwa bado na miti, na kasa wakipanda kutaga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Sisemi tangazo ndilo lililoiua. Miti ilikatwa, na bahari nayo ikala mchanga. Nasema tangazo halikuiokoa. Leo Maziwe ni fungu la mchanga ambalo maji ya bamvua hulifunika kabisa. Kasa hawana habari ya mabadiliko hayo, bado wanakuja kutaga palepale, na mayai yakiachwa yanazama. Walioyaokoa ni watu wa pwani. Huyafukua mayai, huyachukua yakiwa vilevile yalivyolala bila kuyageuza, maana yai la kasa likigeuzwa kiinitete hufa, huyavusha kwa boti na kuyafukia upya Ushongo, kisha huyalinda kwa miezi kama miwili mpaka yaanguliwe. Kazi hiyo inafanyika kwa sababu kuna watu wanaoishi pale, wanaoujua mchanga ule na wanaona kasa ni wao.

Njia ya pili ilianza mwaka 1994, pale ulipozinduliwa mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani wa Tanga, kwa fedha za Serikali ya Ireland na msaada wa kitaalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira. Hali ya bahari wakati ule wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Baruti ilikuwa imezoeleka. Chupa yenye mlipuko na utambi inatupwa juu ya kundi la samaki, maji yanaruka, na aliyeitupa anaokota wanaoelea. Wanaozama, ambao ni wengi, wanaozea chini. Mwamba wenyewe unabaki kifusi, na kifusi hicho hakitulii: kila wimbi linakiviringisha, matumbawe machanga hayapati pa kushika, na pahala palipokuwa na pono na tasi panakaa miaka mingi bila kitu. Juya nalo lilikuwa likikokota majani ya bahari na vifaranga vya samaki, na kigumi kikigonga matumbawe ili samaki watoke mafichoni.

Wataalamu wa mpango ule walifanya jambo ambalo ningependa kila afisa mpya wa uvuvi afundishwe. Walianza na vijiji vichache, Kigombe, Mwambani na Kipumbwi, wakawauliza watu shida yao ni nini na wanadhani chanzo chake ni nini. Kamati zikaundwa na wanakijiji wenyewe. Huko Kigombe ikaamuliwa kwamba miamba ya Kitanga na Upangu ifungwe isivuliwe, ipumzike. Na kwa kuwa miamba ile haivuliwi na Kigombe peke yake, ikabidi vijiji vingine vinavyoitegemea viketi, vibishane, vikubaliane, ndipo likazaliwa eneo la usimamizi la Mtang'ata. Mwishowe maeneo ya aina hiyo yakafika 6, yakashika pwani nzima ya mkoa kuanzia mpakani na Kenya hadi kusini ya Pangani. Kila moja lilikuwa na mpango wake, na halmashauri zikaweka sheria ndogo nyuma yake.

Naomba niseme zaidi kuhusu ubishi wa kufunga mwamba, maana ndipo ilipo kazi yote. Mtu wa ofisini akisema "tufunge mwamba" anaona eneo. Mvuvi anaona watu kwa majina. Mwenye boti ya mashine ukimfungia mwamba wa karibu atakwenda wa mbali. Ataongeza petroli na atalalamika, lakini atakula. Mwenye kimtumbwi cha kupiga kafi hana pengine pa kwenda. Mzee aliyebakiwa na nguvu za kufika mwamba wa kwanza tu, huo ndio bahari yake yote. Mama wa pweza hana hata kafi, anatembea kwa miguu maji yakitoka. Kwa hiyo swali la mwamba upi ufungwe ni swali la nani alale njaa kwanza na wenzake watamfidia vipi, na hilo halina mtaalamu anayeweza kulijibu kutoka nje. Kijiji kinalijibu kwa sababu kinajua nani ana nini. Kikishalijibu chenyewe, kinaona aibu kulivunja.

Baadhi ya wanakijiji walifundishwa kupiga mbizi na kuhesabu: changu wangapi, chewa wangapi, matumbawe hai kiasi gani, kifusi kiasi gani. Mvuvi aliyehesabu samaki kwa macho yake kwenye mwamba uliofungwa, kisha akahesabu kwenye mwamba ulio wazi, hahitaji semina ya kumshawishi. Anarudi kijijini anasimulia barazani, na anaaminika kwa kuwa ni yeye. Doria nazo zilifanywa na wanakijiji pamoja na wanamaji wa jeshi letu, hivyo aliyeshika silaha alikuwa amekaa boti moja na mtu anayejua nani anavua wapi na kwa saa gani. Ninaamini huo ulikuwa mfumo bora kuliko wowote tuliopata kabla yake na baada yake.

Fedha za mpango zilikoma mwaka 2007. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 552, zikiwemo 85 za nchi kavu, kutoka mdomo wa mto Pangani hadi kijiji cha Mafuriko, kaskazini ya jiji. Mtang'ata ikaingia humo. Naiunga mkono hifadhi hii kwa moyo wote. Silikanti ni samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka pamoja na wanyama wa zama za kale, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na hapa Tanga ni wavuvi wa jarife walioanza kumleta pwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakawaonyesha mabwana samaki. Bila nyavu zile na bila midomo ile, hifadhi hii isingekuwa na jina lake.

Kwa nini jarife zilifika kwenye kina cha silikanti? Kwa sababu juu kulikuwa kumeanza kukauka. Mvuvi hashushi wavu kwenye maji ya kina cha mita mia na zaidi, mbele ya mkondo mkali, kama papa na kolekole wanapatikana karibu. Wataalamu walieleza mwaka 2021 kwamba silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100 na jike kubeba mimba kwa karibu miaka 5. Samaki wa namna hiyo akitolewa mmoja mmoja kila mwaka hafidiki. Nyumbani kwangu tumelizungumza hili. Mume wangu hamtaki silikanti, hana soko, na anapomnasa anaumia kwa wavu unaoharibika na kwa mnyama mwenyewe. Ukimwambia "jarife marufuku" bila kitu kingine, umemwambia auze boti. Ukimwambia "keti nasi, tuonyeshe unaposhusha wavu, kina gani, mwezi gani, tutafute pa kuhamia", atakuja na wenzake, na atawaonyesha mabonde ya chini ya bahari ambayo hamna ramani yake. Ujuzi huo umo vichwani mwa watu walio hai sasa, na wengine ni wazee.

Sheria haiwazuii kufanya hivyo. Inawataka. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29 ya mwaka 1994, inasema katika madhumuni yake kwamba vijiji na watumiaji wa jirani wanaotegemea eneo washirikishwe katika hatua zote za kupanga, kuendeleza na kusimamia hifadhi, wagawiwe manufaa yake, na wapewe kipaumbele katika kutumia rasilimali na fursa zitokanazo nayo. Hatua zote, waheshimiwa. Sheria ya Uvuvi, Namba 22 ya mwaka 2003, nayo inaitambua BMU. Hatuombi sheria mpya. Tunaomba hizi zitekelezwe mpaka kijijini.

Sasa niseme yaliyotupata. Baruti ilirudi kwa nguvu baada ya mpango wa pwani kudhoofika, na katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa ukiwa dikoni, pale boti zinaposhusha samaki, unasikia mshindo kifuani kabla ya masikio. Operesheni za vyombo vya dola zilizofuata ziliipunguza sana, na kwa hilo tunawashukuru bila kusita. Lakini taarifa zilitoka wapi? Zilitoka kwetu. Kijana mmoja wa kijiji chetu alipiga simu kwenye ofisi moja akamtaja mtu. Kabla jua halijatua, aliyetajwa alikuwa mlangoni kwake akimrudishia maneno yake aliyoyasema kwenye simu. Tangu siku hiyo kijana yule hapigi simu, na ndugu zake hawapigi. Mnaweza kununua boti za doria kumi. Kama jina la mtoa taarifa linavuja, boti hizo zitazunguka baharini zikiwa vipofu.

BMU yetu ina kiti, meza, daftari na mhuri. Petroli hatuna. Tukiona mwanga wa watu usiku juu ya mwamba uliofungwa tunachangishana, na mchango unapotimia watu wameshaondoka. Hata tukiwakuta, tunamkamata jirani yetu mwenye wavu wa macho madogo kwa mikono mitupu, kisha tunaambiwa tugharimie usafiri wa kumpeleka kituoni. Watalii wanaokuja kuzamia na kutembelea hifadhi wanalipa ada. Hatuna ugomvi na ada. Tunaomba tu sehemu ya vijiji itajwe kwa shilingi, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kama mtendaji anavyosoma mapato na matumizi mengine, na kabla ya kugawiwa popote itoe petroli ya doria. Mvuvi anayesikia kwa masikio yake kwamba mwamba uliofungwa umeleta kitu atakuwa wa kwanza kuulinda.

Lipo jambo tunaloweza kulianza sisi wenyewe mwaka huuhuu mkitupa ruhusa, nalo ni pweza. Pweza hukua upesi sana na maisha yake ni mwaka mmoja na kidogo. Jike akishataga hujifungia tunduni akiyapulizia mayai maji safi, hali kitu, mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Tundu lake tunalijua kwa makombe ya kaa na chaza yaliyotupwa mlangoni na vijiwe alivyojizibia. Kanuni zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500, na kila mama anayeshuka mwambani anaijua kanuni hiyo. Lakini fikirieni nimesimama na nondo yangu mbele ya tundu, ndani mna pweza wa robo tatu ya uzito huo. Nikimwacha, mwenzangu yuko hatua ishirini nyuma yangu, naye ana watoto kama mimi. Nikimrudia baada ya miezi miwili angekuwa na kilo na zaidi, ila sitamkuta. Hakuna mtu mmoja anayeweza kungoja peke yake. Tukifunga mwamba wote kwa miezi mitatu kwa makubaliano, tunangoja wote, na siku ya kufungua tunashuka wote.

Haya yamejaribiwa. Kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, kilifanya hivyo mwaka 2004, na vijiji vya jirani vikaiga baada ya kuona pweza waliotoka siku ya kufungua. Ndugu zetu wa Kisiwa Panza, Pemba, wanafunga na kufungua. Kule Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, wavuvi walijitengea hekta 30 mwaka 2005 bila kusubiri mtu. Katika mifano yote hiyo mwamba ulifungwa na wanaoula. Hapa kwetu akina mama wa pweza wamekwisha kukubaliana mwamba upi na miezi ipi. Kilichobaki ni barua ya halmashauri yenye nguvu ya sheria ndogo, ili mgeni kutoka kijiji kingine akija tuwe na cha kumwonyesha.

Ningekuwa sisemi kweli kama ningeandika kana kwamba kila mharibifu anatoka mbali. Kigumi kinatengenezwa kwetu na juya linavutwa na watoto wetu. Mikoko inayokatwa usiku inauzwa mchana mbele yetu. Ndiyo maana nataka uamuzi uwe wa kijiji: mtoto wangu akivunja sheria ya wizara anaonekana shujaa aliyewazidi ujanja wakubwa, akivunja sheria ya mkutano ambao nilinyoosha mkono ndani yake, ananikuta mimi nyumbani. Wavu ukichukuliwa na kuchomwa moto, tunaomba uchomwe kijijini, baada ya kesi kusikilizwa na mwenyewe kuelezwa kosa, na pawepo utaratibu wa kumsaidia apate wavu halali. Mvuvi aliyechomewa wavu bila maelezo hurudi baharini na chochote, na hapo ndipo muuza baruti humkuta.

Pia tunaomba haki isiwe ya wadogo peke yao. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, ng'ambo ya ghuba ya Tanga, na bandari yetu inapanuka. Ni maendeleo na vijana wetu wanataka ajira humo. Maswali tunayoulizwa sisi kwa wavu mmoja, kwamba unaharibu nini na utarekebisha vipi, yaulizwe na kwa meli kubwa, na majibu yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wavuvi wa maeneo hayo.

Waheshimiwa, kwa kuanzia tunaomba kikao kimoja cha vijiji vya hifadhi hii, kikiwa na ramani mezani na wavuvi wa jarife, wa madema, wa mshipi na akina mama wa pweza wakiwemo kwa idadi, wala si wenyeviti peke yao. Ramani na mapendekezo yenu yatufikie kwa Kiswahili majuma mawili kabla, yabandikwe ofisi ya mtendaji na dikoni. Kikao msikipange siku za bamvua, maana akina mama wote watakuwa mwambani. Pangeni maji yakiwa mafu, baada ya Alasiri, boti zikiwa zimerudi na samaki wameshauzwa.

Wasalaam,
Mchuuzi wa samaki na mwanachama wa BMU,
Mwambao wa Tanga